Pointi, moduli au distributa mpya? Ulinganisho kwa boti ya zamani yenye injini ya ndani

Injini ya petroli iliyokaa tumboni mwa boti kwa miaka thelathini au zaidi huwa na namna yake ya kulalamika. Asubuhi inawaka kwa shida, ikishashika inanguruma vizuri, halafu ukisukuma lefa ya mafuta ili boti ipande juu ya maji inaanza kukohoa. Hapo ndipo ushauri unapoanza kumiminika. Mmoja anasema badilisha pointi. Wa pili anasema weka elektroniki uachane na tabu. Wa tatu anataka ung'oe distributa nzima, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila plagi. Wote watatu wanaweza kuwa na haki, ila si kwa injini ileile.

Nalinganisha hapa njia hizo tatu, na nyingine mbili ambazo watu huziulizia: sanduku la cheche nyingi, na ile tamaa ya kufunga distributa ya gari kwa kuwa bei yake ni nafuu. Mazungumzo ni ya petroli tu, maana dizeli huwaka kwa mgandamizo na haina plagi za cheche.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usiusubiri. Ikiwa shafti ya distributa bado haichezi, moduli ya kielektroniki inayofichwa ndani ya distributa ileile ndiyo chaguo bora kwa boti nyingi. Lakini nisingenunua chochote, hata pointi, kabla multimita haijaniambia kwamba umeme unafika kwenye koili, ile inayoupandisha umeme mdogo wa betri uwe cheche.

Pima kwanza, nunua baadaye

Mfumo wa zamani unaeleweka kirahisi. Umeme hutoka betri, hupita swichi ya ufunguo, huingia koili na kurudi kwenye bodi ya injini kupitia pointi, yaani vile vikontakti viwili vinavyofunga na kufunguka ndani ya distributa. Kemu iliyo kwenye shafti ikizifungua, umeme hukatika ghafla, nguvu ya sumaku ndani ya koili huporomoka, na maelfu ya volti huruka kwenda kwenye rota inayozunguka juu ya shafti, kofia ya distributa, waya na plagi. Kondensa ipo ili ukataji huo uwe mkali na pointi zisiungue. Charles Kettering na kampuni yake ya Delco ndio walioueneza mpango huu kwenye magari. Cadillac ya 1912 ilitoka nao pamoja na stata ya umeme, na injini za boti zikaurithi kwa miongo mingi.

Kwenye boti, shida kubwa iko njiani. Waya hutoka betri hadi injini, hupanda hadi usukani, hupita fyuzi na swichi, kisha hushuka tena hadi koili, na katikati kuna soketi kubwa inayounganisha nyaya zote za injini. Kila kiungo kinaishi kwenye unyevu wa chumvi. Chukua koili ya kawaida yenye ukinzani wa omu 3: kwa volti 12 inavuta amperi 4. Kutu ya nusu omu tu mahali popote njiani inaushusha mkondo hadi kama amperi 3.4. Sasa, nishati inayohifadhiwa na koili hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo umeshapoteza zaidi kidogo ya robo ya nguvu ya cheche. Kutu ikifika omu 1 umepoteza karibu nusu. Pointi mpya hazitairudisha nguvu hiyo. Moduli nayo haitairudisha, na huenda ikawa wa kwanza kugoma.

Kipimo chenyewe ni cha dakika chache. Washa swichi, injini ikiwa imezimwa na pointi zimefunga. Weka ncha moja ya multimita kwenye chanya ya betri na nyingine kwenye upande chanya wa koili. Namba unayoiona ndiyo volti inayoliwa njiani. Ikizidi nusu volti, fuatilia kiungo kwa kiungo mpaka umpate mwizi. Mara nyingi ni ile soketi kubwa, au fyuzi iliyoota ukijani. Kama mfumo wako una rezista kabla ya koili, pima hadi mlango wa kuingilia rezista, maana yenyewe imewekwa makusudi kupunguza volti. Kisha pima upande wa kurudi: kutoka hasi ya betri hadi mwili wa distributa, isizidi volti 0.2. Usiache swichi imewashwa muda mrefu wakati unapima, koili huchemka.

Boti nyingi zilizotengenezwa Marekani zina waya wa zambarau kwa umeme wa swichi, wa kijivu kwa geji ya mizunguko, na wa njano wenye mstari mwekundu kwa stata. Ni msaada mkubwa, mradi mwenye boti wa kabla yako hakuwa na bunda la waya mweusi mmoja alioutumia kwa kila kitu.

Baada ya umeme, shika ncha ya shafti ya distributa na uitikise kwa upande. Ikicheza kiasi cha kuona pengo la pointi linapanuka na kubana, bushi zinazoishika shafti zimekwisha. Mwenye mita ya dweli, yaani ile pembe ambayo pointi hubaki zimefunga, ataliona jambo hilohilo kwa namba: pandisha injini polepole, na dweli ikihama zaidi ya digrii 3 hivi, shafti inayumba. Jibu la swali hili la shafti ndilo linaloamua nusu ya mambo yanayofuata.

Kubaki na pointi

Pointi zimesemwa vibaya kuliko zinavyostahili, hasa kwenye boti. Hoja ya kawaida ni kwamba haziwezi kasi. Kweli, kwenye gari la mashindano linalozungushwa mara elfu saba kwa dakika pointi huanza kurukaruka badala ya kufunga. Lakini V8 ya boti mara nyingi hufika ukomo wake kati ya mizunguko 4,400 na 4,800 kwa dakika, na injini ndogo ya kusaidia tanga, kama Atomic 4 ya silinda nne iliyoanza kutengenezwa 1947, hufanya kazi nyingi kwenye mizunguko 2,000 au chini ya hapo. Hesabu cheche: V8 kwenye 4,400 inadai cheche 17,600 kwa dakika, hiyo ya silinda nne kwenye 2,000 inadai 4,000. Kwa injini ya tanga, kasi si sababu ya kuziacha pointi.

Sababu ya kweli ni kusagika. Kipande cha nailoni kinachosuguana na kemu hulika kidogo kidogo, pengo linabana, dweli inaongezeka, na pointi zinafunguka kwa kuchelewa. Kila digrii moja ya dweli inaisogeza taimingi, yaani wakati cheche inaporuka, kwa kama digrii moja ya krenki. Ndiyo maana dweli hurekebishwa kwanza na taimingi baadaye; anayeanza na taimingi anafanya kazi mara mbili. Kemu ikikosa grisi, kusagika huko ambako kungechukua misimu kadhaa kunaisha katika mmoja.

Boti isiyotumika sana ina ugonjwa wake wa ziada. Pointi zikikaa miezi kadhaa zinafanya utando mwembamba wa oksaidi, na injini iliyozimwa ikiwa nzima inakataa kabisa kuwaka. Dawa ni kipande cha kadi safi kikivutwa kati ya kontakti zilizofunga. Msasa ni wa dharura tu, kwani unaacha mikwaruzo inayokaribisha kuungua.

Sasa uzuri wake. Pointi huharibika taratibu na kwa kelele: injini inaanza kukohoa, inakuwa nzito kuwaka, inakupa muda wa kurudi gatini. Bisibisi na geji ya pengo, kwa kawaida karibu milimita 0.4 kwenye V8 za Delco, vinatosha kuirekebisha ukiwa umetia nanga. Betri ikiwa dhaifu na stata inavuta volti hadi tisa au chini ya hapo, pointi bado zinatoa cheche ya namna fulani. Na kifurushi kizima cha akiba, pointi na kondensa, kinakaa kwenye kopo dogo.

Nani abaki nazo? Mwenye injini ndogo ya tanga anayejua kuzirekebisha na anayesafiri mbali na mafundi. Pia mwenye boti ya mbao ya kale anayetaka kila kitu kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Kwa wengine wote, hoja inaanza kulegea, maana pointi zinamdai mwenyewe uangalizi kila msimu, na uangalizi huo ndio hasa usiofanyika.

Moduli ndani ya distributa ileile

Hapa pointi na kondensa huondolewa, na mahali pake hufungwa kitambuzi kidogo. Juu ya kemu huvalishwa pete yenye sumaku, moja kwa kila silinda, na sumaku zikipita mbele ya kitambuzi umeme wa koili unakatwa. Pertronix Ignitor ndiyo inayojulikana zaidi, ingawa zipo nyingine. Nyaya ni mbili tu: nyekundu kwenda upande chanya wa koili, nyeusi kwenda upande hasi. Kofia, rota na mwili wa distributa vinabaki vilevile, na ukiifungua injini mbele ya mtu hataona tofauti.

Faida yake kubwa, kwangu, ni uthabiti kuliko nguvu. Hakuna kinachosuguana, kwa hiyo taimingi uliyoiweka leo ndiyo utakayoikuta mwakani. Dweli haihami. Shafti ikiwa na mchezo mdogo, moduli inauvumilia kuliko pointi, kwa sababu pengo kati ya sumaku na kitambuzi halihitaji usahihi uleule. Neno ni "mdogo". Nimeona watu wakifunga moduli kwenye distributa iliyolegea kama jino la mtoto na kushangaa kwamba taa ya taimingi bado inarukaruka. Bushi zilizokwisha hazitibiwi na elektroniki.

Makosa ya ufungaji ni machache lakini yanaua, na nitakaa hapa kidogo kwa sababu ndiyo chanzo cha sifa mbaya ya moduli hizi.

La kwanza ni rezista. Mifumo mingi ya pointi hupunguza volti ya koili injini ikishawaka, ikabaki kati ya 6 na 9, kwa rezista ya kauri au kwa waya maalumu wenye ukinzani uliofichwa ndani ya bunda la nyaya. Wakati wa kuwasha, waya mwingine kutoka stata unairuka rezista hiyo na kuipa koili volti zote. Moduli inataka volti kamili za betri muda wote. Ukiunganisha waya mwekundu baada ya rezista, injini itawaka vizuri kwa sababu ya ule waya wa stata, halafu itakufa au kukohoa mara tu unapoachia ufunguo. Ama unachukua umeme wa moduli kabla ya rezista, ama unaiondoa rezista na kufunga koili inayofaa.

La pili ni koili. Ignitor ya kizazi cha kwanza kwenye injini ya silinda nne au sita inataka koili yenye omu 3 au zaidi. Kwa V8 inakubali koili inayoshuka hadi omu 1.5. Koili ya omu 1.5 kwenye volti 12 bila rezista inavuta amperi 8, na kwenye silinda nne, ambako koili hukaa imeunganishwa muda mrefu zaidi kati ya cheche na cheche, joto hilo linaichoma moduli. Pima koili kwa multimita nyaya zikiwa zimetolewa. Maandishi ya ubavuni yameshafutika kwenye nyingi.

La tatu ni kuacha swichi imewashwa wakati injini imezimwa, kwa mfano kusikiliza redio. Pointi zingeungua kidogo na koili ingechemka. Moduli ya kizazi cha kwanza inaweza kufa moja kwa moja. Fundi anayepima geji za usukani na ufunguo umewashwa atoe kwanza waya wa koili.

La nne linawapata wenye injini za kale kabisa: baadhi yake zina umeme wa volti 6, au chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi ya injini badala ya hasi. Moduli za aina hizo zipo, lakini lazima uagize hasa hiyo. Ukifunga ya kawaida huna muda hata wa kujuta.

Na hasara ambayo haiondoki kwa ufungaji mzuri: moduli hufa bila kuaga. Inafanya kazi kikamilifu, halafu haifanyi. Wakati mwingine hukata ikipata joto na kurudi ikipoa, jambo linalomfanya mtu abadilishe kabureta, pampu na chujio la mafuta kabla ya kuishuku. Dawa ni rahisi na ndiyo inayonifanya niipende njia hii: usitupe bamba la pointi ulilolitoa. Likiwa na pointi zilizokwisha kupimwa na kondensa yake, linarudi mahali pake baharini kwa skrubu mbili au tatu. Distributa mpya haikupi nafasi hiyo.

Distributa mpya ya baharini

Shafti ikicheza, kofia ikiwa haipatikani tena, au vizito vya ndani vinavyosogeza taimingi vikiwa vimekwama kwa kutu, usitumie fedha kwenye moduli. Nunua distributa nzima ya kielektroniki iliyotengenezwa kwa boti, au peleka ya zamani ikafanyiwe bushi upya na mtu mwenye mashine ya kuipima. Ya pili ni nzuri ikiwa mtu huyo yupo karibu. Ukimkosa, ya kwanza ni njia fupi.

Kuna swali ambalo wauzaji hawaliulizi na wanunuzi hawalijui: mkondo wa kusogeza taimingi, ambao si mkondo wa umeme bali mpangilio wa jinsi cheche inavyotangulia kasi ikipanda. Injini inapoongeza kasi, cheche lazima itangulie zaidi, na vizito vya distributa vinafanya hivyo kwa kiasi kilichopangwa. Injini ya boti inafanya kazi kama lori lililopakia likipanda mlima usioisha. Ikipewa mkondo wa gari jepesi, cheche inatangulia mno chini ya mzigo, mafuta yanagonga, na kwa kelele za maji na moshi hutasikia kugonga huko mpaka pistoni imetoboka. Ndiyo maana distributa nyingi za boti hazina ile diafragma ya kuvutwa na hewa ya injini, ambayo kwenye gari hutangulisha cheche dereva akiwa anateleza bila mzigo. Boti haitelezi bila mzigo.

Kwa hiyo unaponunua, linganisha namba tatu na kitabu cha injini yako: taimingi ya mwanzo, taimingi ya jumla, na mizunguko ambayo jumla hiyo inafikiwa. Baada ya kufunga, thibitisha zote tatu kwa taa ya taimingi, si ile ya mwanzo peke yake. Ukiona jumla imezidi, rudisha nyuma hata kama mwanzo hautalingana. Jumla ndiyo inayoua pistoni.

Angalia pia upande wa mzunguko. Boti yenye injini mbili mara nyingi ina moja inayozunguka kinyume. V8 za General Motors za kawaida huwaka kwa mpangilio wa 1-8-4-3-6-5-7-2, na zilizogeuzwa huwa 1-2-7-5-6-3-4-8. Distributa isiyo ya upande wake itavipeleka vizito kinyume, au gia yake isikubaliane na kemu ya injini.

Sanduku la cheche nyingi

Hili huongezwa juu ya pointi au kitambuzi. Ndani yake kuna kapasita inayojazwa zaidi ya volti 400 na kumwagwa kwenye koili kwa ghafla. Kampuni ya MSD ina la boti, linalotoa cheche kadhaa mfululizo kwa kila mlipuko injini ikiwa chini ya mizunguko kama 3,000. Linasaidia injini yenye plagi zinazochafuka kwa kukokota uvuvi taratibu masaa mengi. Linaongeza nyaya, linadai koili na waya zake, na geji ya mizunguko huenda ikahitaji kuunganishwa kwenye tundu la sanduku badala ya koili. Ni jibu zuri kwa shida ambayo wengi hawana.

Distributa ya gari: hapana

Ndani ya kila distributa rota hurusha cheche mfululizo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kujikusanya kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na unaweza kulipuka ukiwa sehemu kama 1.4 hadi 7.6 katika mia ya hewa. Gari lina uwazi chini ya injini. Boti ni bakuli. Distributa ya boti ina matundu yaliyofunikwa wavu mwembamba wa chuma unaopoza mwali usitoke nje hata mvuke ukiwaka ndani. Kipimo kinachotumika Marekani ni SAE J1171, na sheria za walinzi wa pwani wa huko zinataka vifaa vya umeme kwenye chumba cha injini ya petroli viwe na kinga hiyo. Kimataifa kuna ISO 8846. Stata na altaneta ni vivyo hivyo.

Kwa mtazamo wa nje zinafanana mno, na gia inaingia. Angalia wavu kwenye matundu. Angalia kofia nayo. Za boti nyingi zina vichwa vya shaba badala ya alumini kwa ajili ya chumvi. Na unapofunga moduli kwenye distributa ya boti, tundu la waya lazima lizibwe kwa mpira wake, la sivyo umeifanya ya gari kwa mkono wako. Feni ya ngama ipulize dakika nne kabla ya kuwasha, baada ya kazi hii na kila siku nyingine.

Kwa mkato, upande kwa upande

| | Pointi | Moduli | Distributa mpya |
|---|---|---|---|
| Gharama | ndogo | ya kati | kubwa |
| Uangalizi | kila msimu | kofia na rota tu | kofia na rota tu |
| Namna ya kuharibika | taratibu | ghafla | ghafla |
| Kurekebisha baharini | bisibisi | rudisha bamba la pointi | hadi uwe na moduli ya akiba |
| Betri dhaifu | inavumilia | inaweza kugoma | inaweza kugoma |
| Shafti iliyolegea | haifai | mchezo mdogo tu | ndiyo tiba |

Vitu vinavyoandamana

Ukihamia elektroniki, tumia waya za plagi zenye kizuia mwingilio. Waya wa shaba tupu unarusha kelele za umeme zinazoichanganya moduli, na kioo cha kutafutia samaki pia. Pengo la plagi unaweza kulipanua kutoka milimita 0.9 hivi hadi 1.1 ikiwa mtengenezaji wa moduli anaruhusu na koili ina nguvu, lakini siharakii. Pengo pana linaipa kofia kuukuu kazi ngumu, na cheche hutafuta njia fupi kupitia ufa wenye unyevu.

Boti yenye mkia wa nje, kama MerCruiser Alpha, ina swichi ndogo inayokata cheche kwa kitambo kidogo ili gia itoke kwa wepesi. Waya wake umeunganishwa kwenye mfumo wa cheche. Ukiusahau unapobadilisha, injini itakwenda vizuri na gia itakuwa ngumu kutoka, nawe utalaumu kebo.

Usizungushe swichi kuu ya betri kuizima wakati injini inanguruma. Altaneta iliyokosa mahali pa kupeleka umeme hupandisha volti ghafla, na moduli ikawa miongoni mwa majeruhi. Na taimingi ipangwe upya baada ya badiliko lolote kati ya haya, hata kama hukuizungusha distributa, kwa sababu sumaku hazifungui umeme mahali palepale pointi zilipofungua.

Kama boti ingekuwa yangu

V8 ya kawaida, shafti imara, matumizi ya mwisho wa wiki: moduli, koili inayolingana nayo, bamba la pointi kwenye kopo. Sioni haja ya kufikiri sana.

Injini ndogo ya tanga, mwenyewe anajua dweli ni nini: pointi zibaki. Asiyejua na hataki kujua: moduli, akichunga hasa ile omu 3 ya silinda nne.

Shafti inacheza, au boti imenunuliwa bila historia na distributa ina kutu hadi kwenye vizito: distributa mpya ya baharini, moduli moja ya akiba, na taa ya taimingi hadi mizunguko ya juu.

Boti ina mfumo wa kielektroniki wa kiwandani, kama Thunderbolt ya MerCruiser, na unakata ukipata joto: usirudi kwenye pointi kwa hasira. Pima nyaya kama tulivyoanza, kisha badilisha kitambuzi au moduli yake. Zikiwa ghali kuliko distributa mpya, hapo ndipo distributa inapata hoja.

Na mwenye injini mbili ana bahati ambayo wengine hawana. Abadilishe moja tu kwanza, aiache nyingine na pointi zake kwa msimu mzima. Ikiwa ufungaji una kasoro, itajitokeza upande mmoja na atarudi kwa upande mwingine. Akiziweka moduli zote mbili siku moja, kutoka kwenye waya uleule uliochoka, zinaweza pia kufa siku moja.